Mpitiaji Asiyeachia

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo linawasha kwa ubaridi wa humu kazini. Msalimie Mama, mwambie nimetii amri yake. Kasema tukiongea kwa simu tunakatana maneno kama wanasheria, basi tuandikiane, maana karatasi haipandishi sauti. Ni kwa sababu hajawahi kusoma barua zako. Msalimie sana binti yangu. Mwambie baba amepata chumba chenye dirisha la barabarani, na upande ule wa dirisha nimeuacha wazi kwa ajili ya kitanda chake.

Kazi nimeipata, ila bado niko kwenye majaribio. Tunaandika programu za kuendesha vyumba vya ubaridi, vile vinavyohifadhi dawa na chanjo. Tunakaa kwenye ukumbi usio na dirisha, simu tunaziacha mlangoni kwenye sanduku la bati, na mashine zetu hazina mtandao. Msimamizi tunamwita Sweta kwa kuwa sweta lake halivui hata akienda nyumbani. Ana utaratibu wake huyu bwana. Mgeni hathibitishwi kwa vyeti wala kwa sifa. Siku yake ikifika anasimama mbele ya wenzake, anasoma programu yake kwa sauti mstari kwa mstari, na yeyote akimuuliza "huo mstari upo hapo kwa nini?" akababaika, anafunga mkoba. Mimi nitasoma mwishoni mwa Mei. Nikithibitishwa, mtoto anakuja kuishi nami, kama ulivyoahidi mbele ya Mama.

Sasa shida. Wanatumia ile lugha yako kali ya programu, ile isiyokuruhusu kuendelea kukitumia kitu ulichoazima wakati mwenyewe ameshaondoka. Nimepewa niandike mpitiaji. Unakumbuka ulivyonieleza zamani: kijiprogramu kinachopita kwenye safu ya vitu, ukikiambia "kifuatacho" kinakukabidhi kimoja, ukirudia kinakukabidhi kingine, mpaka viishe. Safu yangu ni ya vyumba vya ubaridi. Nimeandika vizuri tu, lakini kompaila, huyo mkaguzi anayesoma programu kabla ya mashine kuiendesha, ananikatalia kila ninapogeuka. Mara uhai wa hiki haujulikani, mara uhai wa kile haufiki. Nimezinyunyiza alama za uhai, zile za kutaja kitu kinadumu mpaka lini, kila mahali kama mtu aliyemwaga chumvi, na bado.

Wenzangu siwezi kuwauliza. Kwenye usaili nilisema lugha hii nimeiandika kwa miaka. Nilikuwa nafikiria makaratasi yako niliyokuwa nakunakilia, na nadhani kunakili nako ni kuandika. Nimekuandikia programu yote kwa mkono, imo ndani ya bahasha. Nisaidie.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo lililochelewa, na sikuombi radhi. Nina kazi yangu ya kuandika programu za watu wanaonilipa, si wanaoomba akili bure, na nina mtoto wa kulea. Mama mzima. Amepata miwani mipya, na tangu aipate ameanza kuona vumbi ambalo halikuwepo. Mwanao ameng'oka jino la mbele na amekataa kulionyesha bure, kila anayetaka kuona pengo lazima kwanza amwambie siri. Mimi nimemwambia kwamba baba yake alikuwa akifeli imla. Amesema hiyo si siri, inaonekana kwenye barua.

Kwa hiyo ulidanganya kwenye usaili, na sasa unataka mimi niutunze uongo wako. Nilikufundisha kuandika programu kwenye karatasi kwanza ili uone ujinga wako kabla mashine haijauona. Wewe umeondoka na somo moja tu, kwamba dada yupo. Makaratasi yangu uliyanakili kama mtoto anayechora herufi asizozijua, na zilipokuwa nzuri ukadhani unajua kusoma.

Nimeangalia ulichoandika. Hizo alama za uhai ulizozimwaga zitoe zote. Alama ya uhai haiongezi uhai wa kitu, kama vile kuandika "mzima" kwenye cheti hakumfufui mtu. Inataja tu ukweli uliokuwepo. Mpitiaji wako hamiliki vyumba, ameviazima kwa mwenye safu. Basi kwenye muundo wake sema hivyo: huyu ameshika kitu cha kuazima, na cha kuazima kina uhai wake. Halafu pale anapokukabidhi chumba, wewe umeandika kana kwamba chumba kinaishi kwa kadiri mpitiaji anavyoishi. Kwa nini? Mlinzi akikutembeza kwenye jengo akakuonyesha vyumba, kisha akaenda zake, vyumba vinabomoka? Anachokukabidhi kina uhai wa safu, si uhai wake yeye. Andika uhai wa safu pale juu na uandike huo huo kwenye kinachotolewa. Mahali pawili, basi.

Hii itafanya kazi kwa mpitiaji wa kutazama, yule anayeonyesha tu bila ruhusa ya kubadilisha. Kwa kutazama hakuna ugomvi, ukumbi mzima unaweza kukitazama chumba kimoja. Kama huyo Sweta wako anataka wa kugusa, hilo ni jambo jingine.

Dada yako

*

Tarehe 14 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na asante, matusi na yote. Natumaini Mama haoni vumbi jipya. Hapa mwenye nyumba amepaka rangi ngazi bila kumwambia mtu, na wapangaji wote sasa tuna soli za kijani. Fundi seremala amekimaliza kitanda cha mtoto. Kina droo chini, kwa ajili ya hizo siri zake. Umeshamwambia kwamba anakuja?

Mpitiaji wa kutazama amefanya kazi mara ya kwanza tu niliyomjaribu. Nilijisikia kama mtu mwenye akili kwa muda wa kama chai moja. Kisha Sweta akapita, akasoma begani kwangu, akasema, "Vizuri. Sasa nipe wa kugusa. Hapa hatulipwi kuangalia vipimajoto." Na ana lake zaidi. Chumba ambacho mlango wake uko wazi kirukwe, mpitiaji amalize vingine, halafu akirudie mwishoni mlango ukiwa umefungwa.

Nimebadilisha neno la kutazama likawa la kugusa. Alama zile zile, mahali pale pale, kama ulivyosema. Kompaila amekataa. Anasema mimi ninaahidi chumba kwa uhai wote wa safu, wakati ninachoweza kutoa ni cha muda ule tu ninapokuwa nimemshika mpitiaji. Kwa nini jana alikubali na leo akatae? Nyumbani nimetafuta mtandaoni. Mabingwa wa huko wote wanajibu kwa dharau ile ile kwamba usiandike mwenyewe, tumia wapitiaji waliokwisha kuandikwa. Hakuna aliyekwisha kuandika wa kuruka milango, lakini ukiwaambia hivyo wanakuuliza kwa nini unataka kuruka milango. Nimeuliza swali kwa wapishi, nikaambiwa nikanunue chakula.

Dada, hili moja tu. Nikivuka hapa nitasimama mbele yao bila kutetemeka. Nakuomba unijibu upesi, na unijibu na lile la mtoto.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa kuna habari nyingi. Mama aliteleza bafuni, hakuumia, ila kwa wiki nzima tulitembezwa nyumba yote tukionyeshwa sehemu zinazoteleza. Jirani wa chini ameanza kujifunza tarumbeta, na tunachojua mpaka sasa ni kwamba mapafu yake ni mazima. Bomba la jikoni limepona. Mwanao yumo kwenye timu ya kukimbia ya shule, ile ya kupokezana kijiti, na mwalimu wake amenieleza kwa urefu kwamba timu imemzoea na kumtoa katikati ya mwaka ni kuivunja. Pia ameanza kusoma vitabu vinene peke yake, akitikisa mguu, na ukimwita haitiki. Usiku ananisomea mimi, akiruka maneno magumu kwa kujiamini kabisa, kama baba yake.

Kuhusu mpitiaji wako wa kugusa, kompaila amekuandikia sababu kwa sentensi nzima, na wewe umeinakili kwangu kwa mwandiko mzuri bila kuielewa. Kunakili ndiko unakokujua. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikikupa jibu utakwenda kulikariri mbele ya huyo Sweta kama kasuku, atakuuliza swali moja la pembeni na manyoya yatakudondoka. Kaa chini ufikirie. Watu wengi wamefikiria kabla yako na hawakufa.

Na kama hukuthibitishwa safari hii, mwaka una miezi mingine. Chumba chenye dirisha la barabarani si mahali pa mtoto, magari yatamwamsha. Tutaangalia mwakani.

Dada yako

*

Tarehe 5 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi Mama hakuumia. Pole na tarumbeta.

Nilisubiri barua yako zaidi ya mwezi. Kila nikitoka ukumbini naichukua simu kwenye sanduku la bati na kwenda posta kwa miguu, na kila siku karani ananitazama kwa huruma kama mtu aliyeachwa na mchumba. Ilipofika nikaisomea njiani. Nimepata habari za bafu, za bomba, na za mapafu ya jirani. Jambo nililouliza umelifunika kwa methali. Hata bomba limepata sentensi yake.

Mimi si mjinga kiasi unachonihesabia. Februari ulinipa jibu zima pamoja na matusi, kwa sababu lilikuwa jibu lisilonifikisha popote. Hili la pili ndilo litakalonithibitisha, na hili ndilo ulilolikalia. Unajua kwamba nikithibitishwa mtoto anaondoka kwako. Ungesema tu, "Sitaki," ningekuelewa. Badala yake umejifanya mwalimu anayenitakia makuu. Hujamwambia mtoto. Ungekuwa umemwambia ungenieleza alivyosema, maana kila anachosema unanieleza.

Usijisumbue tena, nimejikwamua. Lugha yako ina lile eneo la hatari, unapomwambia kompaila atazame pembeni, wewe mwenyewe utawajibika. Nimeingia humo. Nimemwambia kwa ukali kwamba chumba ninachokitoa ni halali, na amenyamaza kama alivyopaswa tangu mwanzo. Mpitiaji anaruka, anarudi mwanzo, anatafuta alichokiruka, anamaliza. Nimemjaribu kwa vyumba vyote, hakuna kosa hata moja. Sweta ametikisa kichwa kukubali, na kwake hiyo ni hotuba. Programu nimeinakili kwa ajili yako, ile nakala ya kujisifia. Baada ya wiki tatu naisoma mbele yao, na mwezi unaofuata namfuata mwanangu, timu ya kijiti ikivunjika na ivunjike.

Mama yake alipofariki nilikukabidhi mtoto kwa kuwa sikuweza hata kujifunga viatu. Nilisema umshike mpaka nisimame. Nimesimama, dada.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Mei

Usiusome huo mkorogo mbele ya mtu yeyote.

Nimeufuata kwa kidole. Majaribio yako yamepita kwa sababu siku hiyo, bila shaka, milango yote ilikuwa imefungwa, nawe hukuwa na akili ya kufungua mmoja. Ufungue uone. Mpitiaji wako akishamaliza anarudi mwanzo kutafuta alichokiruka, na njiani anavigawa upya vyumba alivyokwisha kuvigawa. Yule aliyepewa chumba mwanzo bado amekishika, anasema ongeza ubaridi. Wa pili amepewa chumba kile kile, anasema punguza. Chanjo zinaoza, na hakuna atakayejua nani alisema nini. Hilo ndilo kompaila alilokuwa anakuzuia tangu Machi, na wewe ukamwambia atazame pembeni ukajiita jasiri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe ulitikisiwa kichwa tu.

Sikiliza sasa. Alama zako za uhai hazina kosa. Kosa ni kwamba mpitiaji wako anagawa huku ameshika. Safu yote bado iko mkononi mwake, na wakati huo huo anaahidi kwamba chumba alichokupa ni chako kwa uhai wote wa safu. Ni uongo. Maadamu ameshika vyote, anachoweza kukupa ni cha kushikishwa kidogo, mpaka akitake tena. Wa kutazama alikubaliwa kwa sababu ruhusa ya kutazama unaweza kuinakili, ukampa huyu ukabaki nayo. Ruhusa ya kugusa hainakiliki. Ipo moja, iko kwako au iko kwake.

Kwa hiyo aachie. Ukisema "kifuatacho", aitoe safu yote pale alipoiweka, na pale pale aache safu tupu, isiyo na chumba hata kimoja. Ni lazima aache kitu, kwa sababu kompaila hakubali mahali pabaki hewani, na safu tupu anaikubali kwa uhai wowote utakaoutaja. Halafu aikate: chumba cha kwanza huku, vilivyobaki kule. Vilivyobaki avirudishe mahali pake. Cha kwanza akupe, na asibaki na njia yoyote ya kukifikia tena. Kama mlango uko wazi, akishakikata asikupe, akiweke kwenye foleni ya pembeni na aendelee na kinachofuata. Safu ikiisha, aanze kutoa vya kwenye foleni, kila kimoja mlango wake ukishafungwa. Hakuna kurudi mwanzo. Kila chumba kinatoka mkononi mwake mara moja tu. Andika hivyo na kompaila atakubali bila eneo la hatari, nawe utalifuta lote.

Watakuuliza kwa nini usitumie namba ya chumba ukasonga mbele tu. Jibu: kwa sababu namba inasogea lakini mkono haujaachia. Watakuuliza foleni inawezaje kuvishika vyumba muda wote huo. Jibu: kwa sababu vimekatwa kutoka kwenye safu, havina mwingine anayevishika. Yasome mpaka uyaelewe, usiyakariri.

Barua hii nampa dereva wa basi, posta hawana haraka. Usiniulize kwa nini sikukuandikia haya Machi.

*

Tarehe 1 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na habari: nimethibitishwa.

Barua yako ilikuja bila salamu, bila Mama, bila mtoto, bila hata "mdogo wangu". Nilidhani kuna msiba. Niliisoma nimesimama hapo stendi, kisha nikarudi ukumbini nikafungua mlango mmoja wa majaribio kama ulivyosema. Chumba cha pili kilipata amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, na kipimajoto kikawa kinapanda na kushuka kama kichaa. Ningelisoma lile jambo mbele za watu, nikitabasamu.

Nimeandika upya kwa mkono, kwenye karatasi kwanza. Sikukariri. Siku yenyewe, fundi wetu wa milango, mama mmoja mwenye sauti ya kukata bati, alinivamia kwenye mstari wa safu tupu.

"Hiyo tupu umeiweka ya nini? Urembo?"

"Hapana, mama. Mpitiaji ameiazima safu. Hawezi kuiondoa akaacha mahali pake hapana kitu."

"Na akishakikata hicho cha kwanza, akikitaka tena?"

"Hakipati. Alishakitoa."

"Hata akikihitaji?"

"Hata akikihitaji. Angekuwa anaweza kukipata, nisingeweza kukuahidi kwamba ni chako."

Akanitazama, akamgeukia Sweta, akasema, "Huyu anajua anachosema, mwacheni akae." Mwenzetu mmoja anayejiita bingwa, ambaye ameweka mguu juu ya kiti tangu nifike, aliuliza swali refu la kuonyesha kwamba amesoma kitabu. Sweta akavuta mikono ya sweta lake, akasema tukale.

Dada, nitasema jambo na utanicheka. Nilipokuwa pale mbele nikieleza kwamba mpitiaji hawezi kutoa kitu kwa uhai wake wote huku bado amekishika, nilikuona wewe. Ulijua ukiniandikia haya utampoteza mtoto, na ukayaandika, tena kwa basi. Yale niliyokuandikia Mei niliyasema kwa uchungu, na mengine yalikuwa kweli.

Shule zinafungwa karibuni. Nije nimchukue lini?

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera. Mama amewaambia majirani wote kwamba umekuwa mkubwa wa mabarafu, nami sikumsahihisha. Ameshona begi la mtoto upya, na ndani yake ametia vitu vya kumtosha mtu anayehamia mwezini.

Kukucheka nimekucheka. Nakuomba usinifananishe tena na programu yako. Mpitiaji akikiachia chumba anaendelea na kinachofuata, hana habari. Mimi sina kinachofuata. Watu mkishaelewa kitu kimoja mnataka dunia yote ifanane nacho, na hasa mkikielewa kwa kuchelewa. Nilikuandikia kwa sababu chanjo zingeoza na jina lililokufundisha kazi ni langu. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na shughuli. Ukitaka kuamini vingine, amini kimya kimya.

Usije. Mama atamleta Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, wameshapanga wao wawili na hawakunishauri. Mimi siku hiyo nina kazi. Nimemwambia mtoto. Aliuliza kama kwako kuna mtu wa kusomewa usiku. Nikamwambia yupo, ila asitegemee maoni ya maana. Akauliza mimi nitasomewa na nani. Nikamwambia mimi najua kusoma.

Sasa uandike haya, kwa mkono, usome mpaka uelewe. Anakula polepole, usimharakishe, akiharakishwa anaacha kabisa na hatakuambia kwamba ana njaa. Kuhusu mswaki anadanganya bila haya, mnuse mdomo. Hesabu anaiweza, usimsifu sana. Ukimchana nywele nyamaza, hapendi kuchanwa na mtu anayeongea, na wewe unaongea sana. Mtafutie shule yenye timu ya mbio. Akikuuliza habari za mama yake mjibu, hata kama huwezi kujifunga viatu siku hiyo. Mimi nimemjibu miaka yote hii na nimemaliza ninayoyajua. Yaliyobaki unayajua wewe. Akiwa na homa anasema yuko sawa, mshike nyuma ya shingo, ndipo utajua. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Utaona kwamba hata wao walipunguza.

Akilia kutaka kurudi, usiniandikie. Na asipolia, hilo nalo usiniandikie.

Dada yako